Mfarishi Nilioanzia Mpakani

Katika miaka ya tisini nilikuwa fundi wa nguo mjini Kisii. Sikuwa na duka. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, kiti, na nafasi ya kuviweka vyote viwili kwenye baraza ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho, akanikuta mimi na fundi mwenzangu mlangoni, naye akapimwa palepale. Mpango huo ulitulisha kwa miaka mingi, hadi mitumba ilipojaa katika soko la Daraja Mbili na watu wakaacha kushonesha. Waliobaki walikuwa wazazi wa wanafunzi, kwa sababu sare ya shule haipatikani kwenye rundo, na wenye zipu zilizoharibika.

Kwa hiyo sikuwa mpenzi wa mitumba. Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa nimekwenda Daraja Mbili kutafuta makoti mabovu ya kutoa zipu. Mvua ikaanza. Muuzaji akavuta kitu kizito cheupe kutoka chini ya marobota akafunikia mashati yake.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee wangu. Si blanketi, si godoro. Lakini chukua. Kitakufunika wewe, mama, watoto, na ng'ombe akiwa na baridi."

Nilikichukua kwa sababu kona niliyoishika mkononi ilikuwa na mishono ambayo sikuielewa. Shule niliiacha darasa la saba. Ushonaji niliusoma kwa kufumua: kushona koti nilikujua baada ya kufumua koti la mtu mwingine na kupanga vipande vyake sakafuni. Kitu nisichokielewa hakiniachi nilale.

Nyumbani Kiogoro mke wangu alikifua, akakianika. Siku iliyofuata nilitoka nje na mswaki mdomoni wakati jua lilikuwa bado chini, likipita kwa ubavu kati ya migomba. Nikasimama. Kile kitambaa kilikuwa cheupe chote, mbele na nyuma, na uzi wake ulikuwa mweupe. Hakukuwa na rangi hata moja ya kutazama. Hata hivyo kilijaa picha, na picha zenyewe zilitengenezwa kwa kivuli tu. Mahali sindano ilipopita kitambaa kilizama, na mahali ilipoacha kilivimba, na jua lilikuwa likimimina giza jembamba katika kila mfereji. Kilikuwa kimegawanywa vyumba vya mraba, na kila chumba kilikuwa na mchoro wake. Hapa magamba kama ya samaki, pale manyoya ya ndege yaliyopinda, kwingine mizunguko kama ya konokono. Kimoja kilijaa mstari uliotangatanga chumba kizima bila kujikata hata mara moja.

"Utaumeza huo mswaki," mke wangu akasema kutoka jikoni.

"Njoo uone."

Akaja, akaona, akafuata mfereji mmoja kwa kidole. "Mtu alikaa akafanya haya?"

"Kwa mashine," nikasema. Hilo nilikuwa nimekwisha kuliona. Mishono ililingana, na nyuma kulikuwa na uzi wa pili ulioshikana na wa juu, kama mashine inavyofanya. Lakini mashine ninayoijua mimi hushona kwenda mbele. Hii ilikuwa imekwenda kila upande, kama kalamu.

Tandiko la namna hiyo, la tabaka mbili za kitambaa zilizoshonewa ujazo katikati, Kiswahili cha vitabu huliita mfarishi. Nililikunjua na kulikunja mara nyingi wiki ile, nikifuata mistari kwa kidole. Nilielewa kwamba aliyeushona, popote alipokuwa, hakuwa akishona tandiko. Alikuwa akijifunza. Hakuna mtu anayetaka mchoro tofauti katika kila chumba isipokuwa mtu anayeupa mkono wake mazoezi. Vyumba vya pembeni vilikuwa safi kabisa. Cha katikati kilikuwa kibaya: mistari iliyumba, mishono mirefu ikafuatwa na mifupi. Nikadhani alikuwa amechoka, au alimwachia mtoto wake achezee. Sikulifikiria zaidi jambo hilo, na ndilo lililokuja kunigharimu.

Nikaenda na mfarishi huo kazini niutazame wateja wanapokosekana. Siku ya pili mama yake mwenye duka akatoka nje. Alikuwa mwanamke mzee sana, mfupi, aliyeshinda kwenye kiti nyuma ya meza ya vitambaa, na wote nyumbani kwao, watoto na wajukuu, walimwita Ba. Sisi wa barazani tulimwita Mama. Sikuwa nimewahi kumwona akivuka kizingiti kwa ajili ya fundi. Aliinama, akaugeuza mfarishi akatazama nyuma yake, si mbele.

"Hii wewe nashona?"

"Hapana, Mama. Nimenunua Daraja Mbili."

"Nani nashona?"

"Sijui. Mtu wa ng'ambo."

Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwetu sote wawili. Changu nilikitoa shuleni, chake kwenye meza ya duka, na nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake aliyovulia viatu ndani yake. Labda ndiyo sababu tulielewana. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kupoteza.

"Wewe naweza shona hivi?"

Nilitaka kusema sijui. "Naweza kujaribu," nikasema.

Akarudi ndani. Alipotoka alikuwa na mjukuu wake wa kike, msichana aliyekuwa akitusaidia kukata vitambaa, amebeba furushi lililofungwa kwa shuka. Walilifungua kidogo tu, upana wa kiganja. Ndani nikaona sari za pamba zilizokatwa na kuunganishwa, nyekundu iliyofifia, manjano ya bizari, kijani cha majani makavu, zimelainika kwa kufuliwa hadi zikawa kama ngozi ya sikio.

Mjukuu ndiye aliyenieleza. Mamake Ba, ambaye aliishi na kufa orofani juu ya duka hilo, aliuunganisha upande wa juu wa mfarishi wa sari, wao wanauita godadi, akazipanga tabaka zake, na akafa kabla ya kuzishona pamoja. Ba alikuwa amekusudia kumaliza kwa mkono. Akanionyesha mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda vyote upande mmoja, kama majani ya mahindi yaliyopigwa na upepo.

"Mimi ndiye naolewa," msichana akasema, akicheka kwa haya. "Baada ya Diwali naenda Uingereza. Ba anataka niende nayo. Kwetu msichana hulala ndani ya nguo za wale waliomtangulia."

"Nyamaza, acha sema mimi," Ba akasema. Akanitazama. "Fundi. Hii kitambaa hapana nunua tena. Sindano napita mbaya, nachanika, basi, kwisha. Kwanza mimi nataka ona mkono yako. Chukua marekani. Shona yote. Hii, na hii, na hii." Alikuwa akigusa vyumba vya mfarishi mweupe kimoja kimoja. "Mkono nzuri, mimi napa wewe. Mkono mbaya, mtoto naenda na furushi hivi hivi."

Alipokwisha kuingia, msichana akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, Ba akisema hapana ni hapana. Mimi mwenyewe nilikatazwa sketi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kushona mfarishi wa mazoezi.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa sababu wengi hawaijui. Chini ya sindano, cherehani ina meno madogo yanayokisukuma kitambaa kwenda nyuma. Fundi anaongoza tu, meno ndiyo yanayotembea. Ili kitambaa kiende kila upande, meno lazima yatulie. Nilikata kipande cha bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, nikakitoboa tundu la sindano, nikasugua kingo zake zisikwaruze, nikayafunika meno. Nikalegeza mguu unaokandamiza kitambaa. Nikatandika marekani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, juu yake blanketi kuukuu jembamba, juu yake marekani tena. Nikachora mchoro kwa kipande cha lile jiwe laini wanalochongea vinyago kule Tabaka, maana huandika mstari mweupe mwembamba na hufutika kwa kupanguswa.

Kisha nikakanyaga. Sindano ikashuka na kupanda mahali pamoja, ikatengeneza fundo kama kiota cha ndege, ikavunjika.

Fundi mwenzangu, ambaye cherehani yake iligusana na yangu, alikuwa akitazama. "Ndugu yangu, hiyo gari umeitoa breki?"

"Nimeitoa magurudumu. Sasa naisukuma mwenyewe."

"Basi sukuma pole pole. Abiria wa kwanza amekufa."

Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare akaiinua ile marekani kwa vidole viwili. "Fundi, sare ya mtoto wangu iko wapi? Au ameshonewa godoro?"

Nilimpa sare yake. Nilijifunza polepole, kwa utaratibu, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilijua kwamba miguu lazima ikimbie na mikono itembee. Ukifanya kinyume, mishono inakuwa mirefu kama ya kufungia gunia. Nilijua macho hayatakiwi kuwa kwenye sindano. Yanatakiwa kuwa mbele yake kidogo, mahali unapokwenda, kama mtu anayeteremka kilima chenye utelezi. Haya hakuniambia mtu. Niliyasoma katika mishono ya yule mwanamke wa ng'ambo, maana niliamini ni mwanamke, nikilinganisha makosa yangu na yake.

Alasiri moja mvua ilikuwa ikipiga mabati na hapakuwa na mteja. Nilikuwa katika ule mchoro wa kutangatanga, ambao mimi niliuita njia ya kuku. Ghafla mikono yangu ikaacha kusukuma. Sijui namna bora ya kulisema. Kitambaa kilikuwa kinateleza chenyewe chini ya viganja vyangu, kikipinda, kikirudi, kikiikaribia njia yake ya zamani na kuiacha, na mashine ikaimba sauti moja bila kupanda wala kushuka. Nilikuwa nimeshona zaidi ya miaka ishirini. Nilidhani cherehani naijua kama ninavyoujua mlango wangu. Kumbe muda wote ule nilikuwa nimeshona njia moja tu kati ya njia zote zilizokuwamo ndani yake. Nilipofika ukingoni mwa chumba niliondoa miguu kwenye ubao wa kukanyagia. Fundi mwenzangu aliinama akaufuata mstari kwa macho. Kisha akasema, bila mzaha, "Rudia hiyo nione."

Kila Jumamosi cherehani yangu ilifunikwa, nikawa kanisani na Wasabato wenzangu. Nakiri kwamba wakati wa mahubiri nilitazama jinsi majani ya mgomba yanavyochanika kufuata mishipa, nikafikiria uzi.

Mfarishi wangu ukajaa. Magamba, almasi, manyoya, konokono, jani la mgomba, na matuta ya viazi ambayo hayakuwamo kwenye mfarishi wa Daraja Mbili bali niliyatoa shambani. Nilishona chumba cha mwisho, cha katikati, kwa uangalifu kuliko vyote. Nilipoutandika sakafuni, haukulala. Pembe zote zilikuwa zimekaa sawa, zimenyooka kama ukuta, lakini katikati kitambaa kilikuwa kimeinuka kama kilima. Niliubonyeza upande mmoja, ukainuka upande wa pili. Niliupiga pasi ya makaa. Kilima kikapata makunyanzi.

Sikuwa na muda wa kuficha, wala si tabia yangu. Nilimpelekea hivyo hivyo. Tayari mwenye duka alikuwa ameanza kuzungumzia mataa ya Diwali atakayoyatundika orofani.

Ba aliutandaza kwenye meza ya vitambaa, nyuma ikiwa juu. Alipitisha macho yake kwa muda mrefu juu ya mishono. Alifika kwenye njia ya kuku akatikisa kichwa kidogo kando, na mjukuu wake akanikonyeza kunijulisha kwamba hiyo ni dalili njema. Kisha Ba akauweka mkono wake uliopinda katikati. Mkono ukapanda kilima, ukashuka.

"Hii nini?"

"Umevimba, Mama."

"Mimi naona navimba. Wewe naanza wapi?"

Nikamwonyesha. Nilianza na mpaka. Kabla ya chumba chochote, nilizungusha mistari miwili iliyobana ukingo wote, kona kwa kona, nikaufunga imara. Kisha nikashona vyumba vya pembeni, nikaja ndani, ndani, hadi katikati.

Ba akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, hata mwanawe akageuka kutoka kwenye sanduku la pesa. "Wewe nafunga mlango, halafu naita watu ingia! Sasa watu nakwenda wapi? Napanda juu!" Akapiga kile kilima. "Nani nafundisha wewe anza na ukuta?"

Nilijibu swali lile kama nilivyoulizwa, kwa sababu nilikuwa nimelifikiria usiku na nilikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba siku baba yangu aliponionyesha sehemu yangu ya shamba kule Sironga nilikozaliwa, hatukulima, wala hatukukata mti wa nyumba. Tulipanda michongoma. Mimi, baba, na kaka zangu tulizunguka kuanzia asubuhi hadi jioni tukipanda mpaka, maana kwetu ardhi ni nyembamba na watu ni wengi, na mtu asiye na mpaka huamka akakuta jirani amesogea kwa upana wa jembe. Shamba linaweza kukaa miaka bila kitu katikati. Mpaka haungoji. Kila Mgusii mwenzangu niliyemjua angeanza pale nilipoanzia mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho, kicheko kimekwisha. "Shamba hapana sogea," akasema. "Kitambaa nasogea. Kila mshono nasukuma kidogo. Wewe lazima anza kati, sukuma yeye nje, nje, nje. Mpaka mwisho kabisa." Kisha akaukunja mfarishi wangu akanirudishia. "Mkono nzuri. Kichwa hapana jua bado. Sari mimi hapana toa."

Msichana akasema jambo kwa lugha yao, haraka, kwa kusihi. Ba akamjibu neno moja. Msichana akainamisha kichwa akaendelea kukata kitambaa.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na mifarishi miwili begani, nikaitandika yote sakafuni. Mke wangu alikuwa akimenya ndizi.

"Amekataa?"

"Amekataa. Anasema ninaanzia mpakani."

Alicheka karibu kama Ba. "Nimeolewa nawe miaka yote hii, sijaona umeanza jambo bila kuzungusha ua kwanza. Hata banda la kuku lilikaa na ua mwezi mzima bila kuku."

Nilipiga magoti juu ya mfarishi wa Daraja Mbili. Sasa nilikuwa na swali ambalo sikuwahi kuuliza: yeye alianzia wapi? Mistari miwili inapokatana, ule ulioshonwa baadaye hupita juu ya ule wa kwanza. Ukiwa na macho mazuri na mwanga wa dirisha, unaweza kufuata ni upi uliotangulia. Nikaanza mpakani. Mpaka ulipita juu ya kila kitu. Vyumba vya pembeni vilipita juu ya vile vilivyo ndani yao. Nikaenda hivyo, nikirudi nyuma mshono kwa mshono, nikiifuata kazi ya mtu kinyumenyume kuelekea mwanzo wake, hadi nikafika kwenye kile chumba kibaya cha katikati. Hakikupita juu ya chochote. Vyote vilipita juu yake.

Hakuwa amechoka pale. Hakumwachia mtoto. Hapo ndipo alipoanza. Ile mistari inayoyumba ilikuwa ya kwanza maishani mwake, naye aliishona katikati ya tandiko, mahali ambapo mtu yeyote angeitazama kabla ya kitu kingine, kwa kuwa kazi ilitaka ianzie hapo. Kisha mkono wake ukawa unakua kuelekea nje, chumba baada ya chumba, hata ulipofika ukingoni ulikuwa mkono wa fundi. Nilikuwa nimeulalia mfarishi ule, nimeukunja, nimeupima kwa kidole, na sikuwa nimeliona hilo. Kitambaa chote kilikuwa umri wa mtu, kama mti unavyokuwa na miduara ndani, na mimi nilikuwa nimekisoma kutoka kwenye gome.

"Unalia?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Nataka wembe."

Aliacha ndizi, akaja na wembe, tukakaa pande mbili tukifumua mfarishi wangu. Tulitoa mpaka, tukatoa kila kitu. Nikasafisha marekani, nikainyoosha, na siku iliyofuata barazani niliweka sindano katikati kabisa. Nilishona kile chumba kwanza, kikiwa kibaya kuliko nilivyotaka, nikakiacha kibaya. Kisha nikaenda nje. Nilihisi kitambaa kikisogea mbele ya sindano kwa unene wa unywele, kikitafuta nafasi, na nafasi ilikuwapo kwa sababu ukingo ulikuwa wazi. Mpaka nilioushona mwisho ulifunga tandiko lililokuwa limekwisha kulala lenyewe.

Nikaupeleka tena kwa Ba. Aliweka mkono katikati, akausukuma hadi ukingoni, pande zote nne. Kisha akamwambia mjukuu wake alete furushi.

Walilifungua lote kwenye meza. Kabla ya kushona nilihitaji kuhakikisha tabaka zimelala sawa, basi nikainua ukingo wa sari. Nilitarajia pamba. Ujazo haukuwa pamba. Ulikuwa mfarishi mwingine, mkuukuu, umeshonwa wote kwa mkono kwa mishono midogo kama mbegu za wimbi, sari zake zimechakaa hadi unaona kupitia.

"Hii nyanya yangu," Ba akasema. "Toka nyumbani, Bara Hindi. Mama yangu naweka ndani, joto."

Mahali pamoja mfarishi huo wa ndani ulikuwa umetoboka. Nikachungulia kwenye tundu, nikiwa nimeshika pumzi nisilipanue. Ndani yake kulikuwa na kitambaa kingine, cha buluu nzito, nacho kilikuwa na mishono yake.

"Na huyu, Mama?"

Aliinama akatazama. Nadhani alikuwa hajawahi kuona. Alikaa ameinama muda mrefu, na mjukuu wake akainama pia, vichwa vyao vikigusana juu ya lile tundu dogo.

"Yeye mimi hapana jua," Ba akasema hatimaye.

Sijawahi kuogopa kitambaa kama siku ile. Waliingiza cherehani yangu ndani ya duka, jambo lililowafanya wa barazani waniite meneja. Ba akaketi kando yangu. Msichana alichagua njia ya kuku, ule mstari usiojikata. Ba akaweka kidole chake kilichopinda katikati kabisa ya sari, kwenye nyekundu. "Hapa," akasema, akakiondoa, nami nikateremsha sindano mahali kilipokuwa. Ilipita katika sari za mama yake, katika mishono ya nyanya yake, katika buluu ya mtu asiyejulikana, ikatokea upande wa pili, ikarudi na uzi. Hakuna kilichochanika. Nilisikia Ba akitoa pumzi, na ndipo nilipojua kwamba na mimi nilikuwa nimeizuia yangu.

Kazi ile ilichukua majuma. Nilienda nje, nje, nje. Wateja wa sare walimwendea fundi mwenzangu, naye alinilipisha kwa mizaha. Mataa yakatundikwa orofani, Diwali ikaja ikapita, masanduku ya msichana yakapangwa nyuma ya duka. Nilipofika karibu na ukingo, Ba akaweka kiganja juu ya kitambaa kunisimamisha.

"Mpaka, mimi."

Alishona mpaka kwa mkono, kwa vidole vile. Mjukuu alimtungia uzi kwenye sindano. Mishono ilikuwa mirefu, mingine imelala upande, na kila mmoja ulimchukua muda ambao mimi ningemaliza ukingo mzima. Sikuthubutu kusaidia. Siku moja kabla ya safari aliniita ndani, akautandaza godadi mezani. Ulilala. Aliupitisha mkono kutoka katikati hadi ukingoni, nami nikaona jinsi sari zote zilivyozama na kuvimba chini ya mwanga wa mlango, rangi zilizofifia zikiwa na vivuli vipya ndani yao.

Kisha nikaona kwamba kona moja ilikuwa haijafungwa. Palibaki upana wa kiganja, tabaka zote zikionekana hadi ile buluu, na sindano ikining'inia kwenye uzi wake.

"Mama, bado hapa," nikasema. Mikono yangu iliwasha. "Nimalizie? Ni dakika moja tu."

"Hapana," akasema, akimtazama mjukuu wake. "Yeye tamaliza. Huko." Akaichomeka sindano vizuri kwenye kitambaa isipotee.

Msichana akaukunja godadi, ile kona wazi ikiwa juu, akauweka sandukuni. Nilisimama nikitazama lile pengo mpaka kifuniko kilipofungwa.